Amri ya Kuyaendea Mataifa Yote: Nani Anaitekeleza Meru?

  

Mwezi wa Machi mwaka 2018, kuanzia tarehe 8 hadi tarehe 13, makanisa ya dunia yalikutana Ngurdoto, mashariki ya mji wa Arusha, chini ya Mlima Meru. Ulikuwa ni mkutano wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni juu ya umisheni na uinjilisti, nao ulipokelewa na Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), ambalo makao yake makuu yapo hapa hapa Arusha. Walihudhuria watu wapatao 1,000 kutoka kila pembe ya dunia. Mikutano hiyo ina chimbuko lake Edinburgh mwaka 1910, na kabla ya Arusha ilikuwa imefanyika katika ardhi ya Afrika huko Achimota, Ghana, mwishoni mwa 1957 na mwanzoni mwa 1958. Walipoagana, wajumbe walitoa waraka walioupa jina la mji wetu: Wito wa Arusha. Kiini chake ni kwamba kila Mkristo ni mwanafunzi wa Yesu, na uanafunzi huo unamtuma kwenda kwa watu wote, hasa wale waliosukumwa pembezoni.

Tunauandikia mkutano ule leo, baada ya miaka kupita, kwa sababu swali lililozuka misikitini wakati ule bado linatufuata. Kila tunapokaa na ndugu zetu baada ya sala ya Ijumaa, hutokea mtu akauliza: hawa Wakristo wana haki gani ya kudai kwamba wametumwa kwa watu wote? Na nani kawapa Mlima Meru?

Sehemu ya kwanza ya swali hilo wahubiri wetu wameijibu siku nyingi. Tangu marehemu Sheikh Ahmed Deedat alipotembelea nchi yetu mwaka 1981, na tangu wahubiri wetu wa mlingano wa dini walipoanza kuhutubia viwanjani wakiwa na Biblia mkononi, kila kijana wa Kiislamu anaijua hoja hii kwa moyo. Amri ambayo Wakristo wanaitegemea ipo mwishoni mwa kitabu cha Mathayo, mlango wa 28, aya ya 19, pale wanafunzi wanapoagizwa kuwaendea mataifa yote. Lakini katika kitabu hicho hicho, mlango wa 10, aya ya 5 na ya 6, wanafunzi wale wale wanakatazwa kwenda kwa mataifa, wanaelekezwa kwa kondoo waliopotea wa nyumba ya Israeli peke yao. Na katika mlango wa 15, aya ya 24, Nabii Isa (AS) anamweleza mwanamke Mkanaani kwamba hakutumwa ila kwa hao. Qur'an Tukufu inaafikiana na jambo hili: katika Surat Aal Imran aya ya 49 na Surat As-Saff aya ya 6, Isa (AS) ni Mtume kwa Wana wa Israili.

Tuwe waadilifu. Wanatheolojia wao wana jibu. Wanasema kwamba katazo lile lilikuwa la muda, na kwamba amri ya mwishoni ililifuta baada ya tukio ambalo wao wanaliita ufufuko. Hatulikubali jibu hilo, lakini si haki kuhutubia kiwanjani kana kwamba halipo. Mhubiri anayeficha jibu la mwenzake huwafurahisha waliokwisha kuamini tu.

Sasa tuitazame hoja yetu hadi mwisho wake, kwani mara nyingi tunaishia katikati. Ikiwa Isa (AS) alitumwa kwa taifa moja, ni nani basi aliyetumwa kwa watu wote? Tunajibu bila kusita: ni Muhammad (SAW). Tunataja Surat Al-A'raf aya ya 158, tunataja Surat Saba aya ya 28, tunataja Surat Al-Anbiyaa aya ya 107, na waliokusanyika wanatoa takbira. Naam. Lakini ikithibiti kwamba ujumbe wa watu wote ni wetu, basi na dhima ya kuufikisha kwa watu wote ni yetu. Tumeshinda mjadala, na kwa ushindi huo tumejitwika mzigo. Mchungaji wa Kilutheri anayepanda pikipiki alfajiri kwenda Ngarenanyuki, kwa hoja yetu wenyewe, anatekeleza amri ambayo hakupewa. Sisi tuliopewa tumekaa mjini.

Hapo ndipo linapoingia swali la pili, la Mlima Meru.

Wengi wetu tunadhani kwamba Wakristo walitutangulia. Hapana. Mwaka 1887 msafara wa Teleki, tajiri wa Kihungari, ulipita Meru ukiwa na mamia ya wapagazi kutoka mwambao, ukiongozwa na Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe za ndovu wa Pangani. Na huyo Kimemeta hakuwa mgeni wa njia hizo. Watu wa pwani walikuwa wamekwisha kuzizoea kwa biashara yao. Maana yake ni kwamba adhana iliweza kusikika chini ya mlima huu kabla wimbo wa kanisa haujasikika. Misafara ilipiga kambi, ikanunua chakula, ikatoa ushanga na nguo, ikaondoka na pembe. Kilichoachwa nyuma hakikuwa madrasa.

Wamisionari wa Leipzig walikuja mwaka 1896, na walikuja vibaya. Ewald Ovir na Karl Segebrock walifika Akeri mwezi wa Oktoba mwaka huo kutafuta mahali pa kujenga kituo, wakati jeshi la Kijerumani la kapteni Johannes likiwa karibu nao. Wenyeji hawakuona tofauti kati ya mhubiri na mwanajeshi, na wala hatuwalaumu. Usiku huo waliwavamia na kuwaua wote wawili pamoja na baadhi ya Wachaga waliofuatana nao. Kisasi cha Johannes kilikuwa cha kutisha: alikuja na askari wake na wapiganaji wengi wa Kichaga, wakachoma nyumba, wakafyeka migomba, wakateka ng'ombe. Tarehe 2 Machi 1900 huko Moshi ya Kale Wajerumani waliwanyonga viongozi 19, akiwemo Mangi Meli wa Moshi na viongozi wa Meru na Arusha. Kisha Waarusha na Wameru wakalazimishwa kujenga boma, jengo ambalo baadaye lilifanywa makumbusho katikati ya mji.

Kisa hiki hupendwa sana mihadharani, kwa kuwa kinaonyesha msalaba ukiingia nyuma ya bunduki. Ni kweli tupu. Lakini kuna nusu yake ambayo hatuisimulii. Bunduki zile zilishikwa na nani? Katika jeshi la Wajerumani walikuwemo Wasudani na Waswahili, na wengi wao walikuwa Waislamu. Waliolilinda boma lile, waliowasimamia wabeba mawe, wakarani na wachuuzi waliofungua vibanda kandokando yake, wengi walikuwa watu wa dini yetu. Mmeru aliyetazama kutoka shambani kwake mwaka 1900 aliwaona watu wa aina mbili waliokuja na bendera ile: mmoja ana msalaba, mwingine ana kofia ya kitunga. Hakuwa na sababu ya kumpenda yeyote.

Tofauti ilianza baadaye. Mwaka 1902 wamisionari walirudi, safari hii wakaenda kukaa Nkoaranga, juu mlimani, katikati ya migomba ya wenyeji. Mwaka 1904 wakafungua kituo cha Ilboru kwa Waarusha. Walijifunza lugha. Blumer, mmisionari aliyetoka Estonia, alikaa miaka mingi Arusha akiandika vitabu vya kufundishia kusoma kwa Kimaasai. Wakawafundisha vijana wa huko huko, na vijana hao ndio waliokuwa walimu na wainjilisti wa vijiji. Jambo hili lilidhihirika mwaka 1920, Waingereza walipowaondoa wamisionari wa Kijerumani nchini. Mtu angetarajia kazi yao ife. Haikufa, kwa sababu walimu Wameru na Waarusha waliishika wenyewe. Dini ilikuwa imekwisha kuhama mikononi mwa mgeni.

Na sisi? Askari alistaafu akajenga mjini. Mchuuzi akaongeza duka. Tulijenga misikiti, na Allah awalipe kheri waliojitolea, lakini tuliijenga pale tulipokuwa tunaishi sisi, karibu na soko na stendi. Lugha yetu ilikuwa Kiswahili, na aliyetaka kuujua Uislamu ilimbidi ashuke mlima, ajifunze Kiswahili, avae kanzu, abadili hata namna ya kuamkia. Mtu wa mlimani tulimwita mshenzi. Neno hilo ni zito na tunaliandika kwa makusudi, kwa sababu wazee wetu walilitumia na baadhi yetu hatujaliacha. Na mara nyingi kilichopanda mlima kutoka kwetu kilikuwa hirizi. Tuliwauzia watu talasimu kabla ya kuwafikishia tauhidi. Leo tukimwambia mzee wa Kimeru kwamba Uislamu unakataza ushirikina, anashangaa, kwa kuwa yeye anamjua "shehe" kuwa ni mganga.

Ndugu zetu watasema: mnawasahau waliotuzuia. Hatuwasahau. Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, EAMWS, iliyoundwa mwaka 1945, ilipigwa marufuku nchini mwaka 1968, na pamoja nayo mipango ya shule ikavurugika. Mwezi wa Februari mwaka 1992 Serikali ilitia saini hati ya makubaliano na makanisa kuhusu huduma za afya na elimu, na Waislamu tumelalamikia hati hiyo kwa hoja za haki ambazo hazijajibiwa vya kutosha. Hospitali ya Nkoaranga na ya Selian, chuo cha Makumira, sekondari ya Kilutheri ya wasichana wa Kimaasai iliyofunguliwa Monduli mwaka 1995: haya yote yamewapa nafasi kubwa ambayo sisi hatuna. Malalamiko haya tutaendelea kuyatoa mahali pake.

Lakini ni sheria gani ya nchi hii iliyowahi kumkataza Muislamu kujifunza Kimaasai? Ni hati gani ya makubaliano inayotuzuia kumsalimia mlinzi wa duka?

Suala la lugha lina uchungu wa pekee. Qur'an inatueleza katika Surat Ibrahim, aya ya 4, kwamba Allah hakumtuma Mtume yeyote ila kwa lugha ya watu wake ili apate kuwabainishia. Tumeifanyia nini aya hii? Hata Kiswahili, lugha ambayo Uislamu umeilea tangu utotoni mwake, tafsiri ya kwanza kamili ya Qur'an iliyochapishwa ndani yake, mwaka 1923, ilifanywa na Godfrey Dale, padri wa Kianglikana wa misheni ya UMCA, akaitia na maelezo yake mwenyewe kwa mtazamo wa kanisa lake. Miaka 30 baadaye, mwaka 1953, ikatoka ya Ahmadiyya, ambayo masheikh wengi wa mwambao waliikataa. Ndipo mwaka 1969 tukapata Qurani Takatifu ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy, Allah amrehemu. Yaani tulingoja padri atangulie, tukachelewa miaka 46 kumjibu kwa kazi iliyo kamili. Katika Kimaasai, Biblia nzima ilitoka mwaka 1991. Basi Muislamu wa Arusha na ajiulize: akitokea leo mzee wa Longido asiyejua Kiswahili akamwomba amweleze Surat Al-Ikhlas kwa lugha yake, atampeleka kwa nani?

Wapo wanaojituliza kwa kusema kwamba Wakristo wanawavuta watu kwa unga, dawa na ada za shule, na kwamba sisi tukipata fedha za kutosha tutawapita. Tunaomba wamtazame padri mmoja Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu, Vincent Donovan, aliyefanya kazi Loliondo miaka ya 1960. Misheni yake ilikuwa na shule na hospitali, na Wamasai walizitumia. Lakini mwaka 1966 alimwandikia askofu wake kwamba pamoja na miaka yote hiyo hakukuwa na Mmasai mtu mzima anayeishika dini, na kwamba hakuna aliyewahi kukaa nao akazungumza nao habari za Mungu. Aliomba ruhusa aache hayo yote, aende kwenye maboma yao mikono mitupu, azungumze tu. Akaruhusiwa, akaenda. Kisa chake alikiandika katika kitabu kilichotoka mwaka 1978. Sisi hatukubaliani na aliyoyahubiri. Lakini mtu huyu aligundua kwamba hospitali inaweza kuwa pazia: unamtibu mtu miaka kumi bila kumwambia ulichokuja kumwambia. Basi na tusisingizie kukosa hospitali. Mtume wetu (SAW) alipomtuma Mus'ab bin Umayr Madina, hakumtuma na shehena. Alipomtuma Muadh bin Jabal Yemen, alimpa mpangilio wa maneno: aanze na tauhidi, wakikubali awaeleze sala, kisha zaka.

Sasa tueleze jambo lililotupata, ambalo ndilo hasa lililotutia haya mpaka tukaandika makala hii.

Ijumaa moja tulisali katika msikiti mmoja wa mjini. Nje ya lango kulikuwa na mlinzi, kijana wa Kimaasai, na shuka lake jekundu na rungu, akilinda magari na viatu. Tulipotoka tulikaa naye kwenye benchi, mvua ikiwa inanyesha. Tulimuuliza amekuwepo hapo kwa muda gani. Akasema ni mwaka wa sita. Kila siku anasikia adhana mara tano. Tukamuuliza, je, katika miaka hiyo yupo mtu aliyewahi kumwambia maneno yale yana maana gani? Akafikiri, akataka kutujibu kwa adabu. Akasema: "Hapana, mzee. Wananiambia nisogeze benchi, watu wapite." Tukarudi ndani kuwauliza wenzetu wa kamati jina la mlinzi wao. Mmoja akasema anaitwa Mmasai.

Miaka sita ni sala zaidi ya elfu kumi. Katika Surat Abasa, Mola alimkemea kipenzi chake kwa kumkunjia uso kipofu, Ibn Umm Maktum, aliyekuja kutafuta mafunzo wakati yeye ameshughulika na wakubwa wa Makka. Yule kipofu alikunjiwa uso mara moja tu, na Qur'an ikateremka. Tena Mtume (SAW) alikuwa ameshughulika na kulingania. Sisi tulikuwa tumeshughulika na nini?

Na kijana yule si mtu aliye mbali nasi hivyo. Mmasai anamwamini Mungu mmoja, anamwita Enkai, na mlima ule unaofuka moshi kaskazini yetu, Ol Doinyo Lengai, jina lake linatokana na Yeye. Anatahiri. Kwa mila yake ya asili hali nyama ya porini, na hana sanamu anayoisujudia. Yapo ya kurekebisha, ikiwemo damu anayokunywa, ambayo ni haramu kwetu. Lakini mlinganiaji mwenye hekima angeanza na lile tunalokubaliana, kama inavyoelekeza Surat Aal Imran aya ya 64 kuhusu Watu wa Kitabu. Wamisionari wenyewe walilichukua jina la Enkai wakalitumia katika Biblia yao. Sisi tunaendelea kubishana kama inafaa kumtaja Allah kwa jina la Kimaasai, ilhali kwa Kiswahili tunasema Mungu na Mwenyezi Mungu bila wasiwasi wowote.

Lipo pia suala la wanawake, na tunajua litawaudhi baadhi ya wasomaji. Ukipita Monduli au Simanjiro siku ya Jumapili utaona makanisa ya Wamasai yamejaa akina mama. Wao ndio walioingia kwanza, wakawavuta watoto, na wanaume wakafuata taratibu, wengine mpaka leo hawajafuata. Tuna misikiti mingapi katika mji huu isiyo na hata chumba cha wanawake? Mama wa Kimaasai akija kutaka kuujua Uislamu, tutamkalisha wapi?

Tukiri kwamba ipo njia nyingine ambayo baadhi ya watu wameidhania kuwa ni kuitetea dini. Tarehe 5 Mei 2013 bomu lilirushwa katika kanisa Katoliki la Olasiti, hapa Arusha, siku ya kuzinduliwa parokia mpya, na watu watatu wakafa. Masheikh wetu nao wamejeruhiwa majumbani mwao katika miaka hiyo hiyo. Aliyeweka msimamo kwamba hakuna kulazimishana katika dini ni Allah mwenyewe, Surat Al-Baqara aya ya 256, na anayemuua mtu akiwa katika ibada yake hana cha kuwafundisha watu wa Meru ila kile walichokwisha kufundishwa na kapteni Johannes. Nayo kejeli za mihadharani, za kwetu na za kwao, ni ndugu mdogo wa njia hiyo. Surat An-Nahl aya ya 125 imetutajia hekima, mawaidha mema na mjadala ulio bora zaidi. Hekima imetangulizwa. Sisi tumeushika mjadala, tena tumelisahau neno "ulio bora".

Tunajua swali litakalofuata: na wakikataa? Nabii Nuhu (AS) alikaa na watu wake miaka 950 na walioamini walikuwa wachache. Hidaya iko kwa Allah. Hatukuagizwa kuhesabu waliosilimu, na wala hatuwaandikii wasomaji ili waanze kushindana na makanisa kwa idadi. Mmeru au Mwarusha akituskiliza kisha akabaki katika Ukristo wake, amesikia, na jirani yake Muislamu amembakia jirani mwema. Kinachotutisha ni yule ambaye Siku ya Kiyama atasema hakuambiwa, naye alikuwa amekaa langoni.

Kwa hiyo tumezungumza na wenzetu na tumefikia mambo machache, ambayo hayahitaji mfadhili kutoka Ghuba. Tunaziomba kamati za misikiti ya Arusha mjini, Ngaramtoni, Usa River na Tengeru ziteue vijana wawili wawili, wa kiume na wa kike, wajifunze Kimaasai au Kimeru kwa bidii ile ile wanayojifunzia Kiarabu. Walimu wapo; ni majirani zetu. Makhatibu watoe muhtasari wa khutba kwa lugha hizo baada ya sala, hata kama wasikilizaji ni watatu. Waislamu Wamasai na Wameru, ambao wapo ingawa ni wachache na aghalabu tunawaketisha nyuma, watangulizwe katika kazi hii na wasikilizwe wanapotueleza makosa yetu. Na kila kamati yenye mlinzi ijue jina lake na jina la baba yake.

Msikiti ambao tayari una kijana anayezungumza moja ya lugha hizo kwa ufasaha na aliyesoma dini yake vizuri, tunauomba ututaarifu kupitia mgawaji wa jarida hili kabla ya toleo lijalo. Tunaanza na Surat Al-Fatiha, Surat Al-Ikhlas na maelezo mafupi ya nguzo tano, yasomwe na wanavyuoni na wenye lugha pamoja kabla ya kuchapwa. Fedha ya karatasi imekwisha kupatikana. Aliyeitoa ni muuza mitumba wa Soko la Kilombero, na ameomba asitajwe.

Wabillahi Tawfiiq.